Kapteni Mbali na Pacha Wake

Masasi,
4 Mei 2024

Mzee Uwesu Halfani,

Shikamoo, Mzee wangu.

Hunijui kwa sura. Mimi ni Stamili, binti wa marehemu Salmini, tuliokuwa tukikaa Newala, nyumba iliyopakana na kibanda cha video cha marehemu Yohana. Sasa ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, hapa Masasi. Habari zako nimezipata kwa Cecil, kondakta wa basi la Newala, huyohuyo anayekukabidhi barua hii. Aliponiambia kwamba Uwesu mtafsiri yu hai na anakaa mtaa mmoja na mama yake, nilimfanya arudie mara tatu.

Nakuandikia kukushukuru. Nimechelewa miaka ishirini na saba, nakiri.

Mimi sikuwahi kuingia kibandani. Baba hakutaka mtoto wa kike aonekane mle. Lakini ukuta wa jikoni kwetu na ukuta wa kibanda ulikuwa mmoja, na kila Jumamosi saa tisa alasiri ulipowasha maiki kuwatafsiria watazamaji, mimi nilikuwa pale na kinu changu. Picha sikuiona hata moja. Nilichokuwa nacho ni sauti yako. Ile tamthilia ya kizungu ya Kapteni Mbali na chombo chake kinachotembea kwenye nyota, watu wake wote niliwajua kwa sauti ulizowapa: daktari mwenye kikohozi, roboti aliyenung'unika kwa Kimakonde, na ile Sauti ya Mlimani iliyowatawala watu wa sayari ya bondeni. Mama alikuwa ananigombeza kwamba mahindi hayatwangiki kwa kucheka.

Cecil ananiambia unazo kaseti ulizojirekodi ukitafsiri, ili Yohana azipige siku ukiumwa, na kwamba sasa unataka kuziteketeza. Mzee wangu, nakuomba usifanye hivyo kabla hatujazungumza. Samahani, kabla hatujaandikiana. Najua sauti ilikwenda na upasuaji, na nimehuzunika sana kusikia.

Nipe nafasi nizinakili hizo kaseti, nitakurudishia zikiwa salama.

Mwanao,
Stamili Salmini

*

Newala,
11 Mei 2024

Mwalimu Stamili,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika ikiwa na alama ya mafuta ya maandazi ya Cecil, kwa hiyo nimeisoma na kuinusa.

Salmini namkumbuka. Alikuwa anakaa benchi la pili, hacheki, na akicheka anaangalia pembeni kwanza kama kuna mtu kamwona. Binti yake simkumbuki, na sasa naambiwa alikuwa nyuma ya ukuta siku zote. Ningejua ningepunguza yale matusi ya roboti.

Ni kweli, madaktari walitoa kitu kooni, sauti ikaenda nacho. Mwaka wa pili huu. Mimi niliyekuwa nasema kwa niaba ya watu kumi na wawili kwa alasiri moja, leo nikitaka chumvi naandika. Mke wangu Mwanaheri anasema afadhali, nyumba imetulia. Anatania, nadhani. Ananisemea kila kitu sasa, hata kwa wauza samaki, na bei anazokubali ni za ajabu.

Kaseti ninazo. Ziko kumi na moja, kwenye mfuko mtupu wa salfa, ile dawa ya mikorosho. Lakini ombi lako siliwezi, mwanangu. Nitazichoma kabla ya Idi ya Kuchinja. Sababu ni yangu na Mungu wangu, na sitaki kuiandika.

Ila umenishangaza. Umesema unanishukuru. Watu walikuwa wananipigia makofi, wengine walinitukana, mmoja alinirushia bibo bovu la korosho. Kushukuriwa ni mara ya kwanza. Kwa lipi hasa? Ile ilikuwa michezo ya televisheni tu.

Wako,
Uwesu Halfani

*

Masasi,
20 Mei 2024

Mzee Uwesu,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu chumba cha walimu mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni.

Umeniuliza kwa lipi. Nakueleza.

Nilikuwa na kaka, Tahiri. Tulipishana mwaka mmoja, tukasoma darasa moja. Baba alikwisha sema sekondari ni ya mtoto mmoja, na mtoto huyo ni Tahiri. Sikununa, ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu mtaani kwetu. Mwezi wa saba mwaka 1997, tukiwa darasa la saba, Tahiri akapata homa. Siku nne tu. Tukamzika.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani mara mbili. Baba akamwambia, shule ya Tahiri imekwenda na Tahiri, na asije tena na habari hizo mbele ya mama yake. Mama akaanza kunitafutia nguo za kukaa nyumbani.

Wakati huohuo wewe ulikuwa unaonyesha Kapteni Mbali. Jumamosi moja Kapteni alikufa. Aliingia ndani ya mlima, akaizima ile Sauti iliyokuwa inawatesa watu, na mlima ukamwangukia. Nilisikia kibanda kizima kimya. Jumamosi iliyofuata Kapteni yuko chomboni, anakunywa kahawa. Nilisikia zogo kupitia ukutani, benchi zinaanguka, watu wanabishana dini. Halafu ukakohoa kwenye maiki, ukasema maneno ambayo nayajua kwa moyo mpaka leo:

"Kaeni chini, jamani. Aliyekufa amekufa, hatutamwona tena. Huyu ni pacha wake. Hakuja kukaa kwenye kiti cha ndugu yake. Amekuja kwa sababu kazi ya ndugu yake imebaki katikati, na kazi haina mwingine wa kuimaliza."

Baba aliporudi jioni ile hakula. Alikaa barazani, akaniita, akasema: "Stamili, utakwenda." Hakusema wapi. Mama ndiye aliyeanza kulia, ndipo nikaelewa.

Nimesoma, nimefundisha miaka kumi na minane. Wanafunzi niliowafundisha siwezi kuwahesabu. Yote hayo yalianzia kwa huyo pacha. Kwa hiyo ninakushukuru, Mzee Uwesu, na sina namna nyingine ya kulisema.

Usichome.

Mwanao,
Stamili

*

Newala,
2 Juni 2024

Mwanangu Stamili,

Nimekaa na barua yako siku kumi. Mwanaheri ameniuliza nina nini, nikamwandikia kwamba ni tumbo.

Hapakuwa na pacha.

Nimelisema. Sasa nikusimulie vizuri, maana umenitendea wema na mimi nimekuwa nakula shukrani isiyo yangu.

Zile kanda za video zilikuwa za mzungu mmoja wa mradi wa maji. Alizirekodi kwao kutoka kwenye televisheni, akaziandika namba tu. Alipoondoka alimwachia Yohana. Yohana, Mungu amrehemu, akaweka kanda ya nne kwenye deki kabla ya ya tatu. Hatukujua. Tukamuua Kapteni wiki ya kwanza, wiki ya pili katokea mzima, maana ile ilikuwa hadithi ya nyuma yake.

Katekista Stefano akasimama: "Wiki moja, si siku tatu, lakini ndugu zangu mmeona wenyewe, amefufuka." Watu wa msikitini wakasimama nao: Yohana ametuita kuangalia picha au kubatizwa? Yohana Mkristo, mimi Mwislamu, kibanda chetu sote wawili. Nikaona pale kibanda kinavunjika, na urafiki wetu pamoja nacho. Nikashika maiki na kusema neno la kwanza lililonijia. Pacha. Baada ya hapo nikalazimika kumbeba huyo pacha wiki tisa, maana kanda ya tatu tuliionyesha kipande kimoja kila Jumamosi. Kila Kapteni akitajwa jina na wenzake, mimi nabadilisha.

Na baya zaidi ni hili. Kiingereza sikukijua. Nilijua "come", "go", "captain", na maneno machache ya kambi ya barabara nilikofanya kazi. Hata jina la Kapteni sikulisikia vizuri, nikamwita Mbali kwa sababu alitoka mbali. Nilikuwa naangalia nyuso zao na kutunga. Ile Sauti ya Mlimani niliiita Mwenyekiti, nikasema imewahamisha watu kutoka vilimani kwao ikawapanga bondeni kwa mistari, ikachoma nyumba zao wasirudi. Hayo hayakuwa ya sayari yoyote. Hayo ni ya mwaka 1974, tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba ni yetu, na kaburi lililobaki huko nyuma porini ni la mama yangu. Nilikuwa sijapata mahali pa kuyasema. Ofisi ya kata ikaniita kuniuliza huyo Mwenyekiti ni nani. Nikajibu ni wa sayari nyingine, mheshimiwa. Wakaniangalia sana, halafu wakaniachia.

Nikawatilia viumbe wa nyota maneno ya Mungu midomoni. Nikafanya watu wazima waamini mambo ambayo sikuyaona wala kuyasikia. Na sasa nasikia mzee mwenzangu aliamua maisha ya mtoto wake kwa uongo wangu. Je, ningesema neno jingine siku ile? Ningesema kazi ya marehemu huachwa? Ungekuwa wapi leo?

Mungu ameichukua sauti ile ile niliyodanganyia. Sioni sababu nyingine. Kaseti zile ni ushahidi, na sitaki kwenda nao. Nitazichoma mkesha wa Idi, nitubu, niishe.

Nisamehe, mwanangu. Na usinishukuru tena.

Uwesu

*

Masasi,
12 Juni 2024

Baba yangu Uwesu,

Shikamoo. Naandika haraka, Cecil anaondoka keshokutwa na nataka hii ifike kabla hujawasha kiberiti.

Nilikuwa najua.

Miaka mitatu iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, Gerson, aliikuta tamthilia ile kwenye mtandao, yote, kwa mpangilio wake. Tuliitazama ukumbini kwenye kompyuta ya shule. Ndiyo siku ya kwanza nilipomwona Kapteni uso. Nilisubiri pacha mpaka mwisho. Hakuja. Kapteni anakufa, analetwa kapteni mwingine, mtu baki kabisa. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Kwa hiyo nilipokuandikia barua ya kwanza nilijua, na ya pili pia, nikakuficha, kwa sababu nilidhani wewe mwenyewe hujui kuwa kanda zilipishana. Sikutaka kukuvunja moyo. Naomba radhi. Tumefichana sote wawili, na barua zetu zina adabu tupu.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo ninalolifundisha kila mwaka kidato cha tano.

Waliotunga tamthilia ile hawakuwa wanazungumza habari za nyota. Kwao wakati ule kulikuwa na mambo mtu hathubutu kuyasema wazi kwenye televisheni: watawala wanaotaka kuabudiwa, vita, watu kutengwa kwa rangi, dini kutumika kuwanyamazisha watu. Wakayapeleka sayari ya mbali, wakayavika mavazi ya ajabu, wakaonyesha. Wakubwa wao wakaona michezo ya watoto, wakapitisha. Ile Sauti ya Mlimani kwenye Kiingereza chao ni mashine inayojifanya mungu, na watu wa bondeni wanachongeana kwayo kila jioni. Ni mtawala, Baba. Hukujua neno hata moja, ukamwita Mwenyekiti. Na Kapteni kule mlimani anakufa amenyoosha mikono kama msalabani, wameweka kusudi. Katekista Stefano alikuwa sahihi kabisa, ila hakujua kama kanda zimepishana.

Kuhamishwa hakumo. Nyumba kuchomwa hakumo. Kaburi la mama yako halimo. Hayo uliyaweka wewe, mahali palepale ambapo wao waliweka ya kwao. Wao walijificha nyuma ya nyota, na wewe ukajificha nao, ukatusemea sisi. Mama yangu naye alihamishwa. Nakumbuka siku ile ya nyumba kuchomwa aliacha kunigombeza, akaja kukaa karibu na ukuta. Mimi nilidhani anapumzika.

Kuhusu baba yangu. Mwaka juzi, kabla hajafariki, nilimuuliza. Nilimwambia, Baba, bila yule pacha usingenipeleka shule. Akacheka, akaangalia pembeni kwanza, kama ulivyosema. Akaniambia Ijumaa ya kabla ya Kapteni kufa alimsaidia Yohana kubeba zile kanda kwa baiskeli, akaona ya tatu imebaki chini ya mfuko na ya nne imewekwa juu. Alisoma namba mwenyewe. Alijua hakuna pacha. "Uwesu alipokohoa tu nikajua anatunga," alisema.

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulikubali? Akasema: "Nilikuwa nataka kukupeleka tangu siku ya matokeo. Lakini niliona nitakuwa nimemsahau Tahiri. Hakuna aliyeniambia kwamba inawezekana kumkumbuka na kukupeleka. Yule bwana akaniambia, tena mbele ya watu."

Ukiamini Mungu alikuadhibu kwa maneno yale, basi mimi ni sehemu ya kosa hilo, na sikubali. Mimi ninamshukuru Mungu kwa sauti yako kila Januari ninapopokea kidato cha kwanza, hasa wasichana, na siku hizi ni wengi kuliko wavulana. Ulisema nisikushukuru tena. Hilo nakukatalia, Baba yangu, na unisamehe kwa kukukatalia.

Kama ukichoma, choma. Zako. Lakini usichome kwa sababu yangu.

Mwanao,
Stamili

*

Newala,
19 Juni 2024

Mwalimu, mwanangu Stamili,

Idi njema imekwisha kupita, pokea hivyohivyo.

Nianze na lililo baya. Nimechoma tatu. Moto niliuwasha Jumamosi asubuhi nyuma ya nyumba, na ya kwanza kuingia ilikuwa ya pacha, maana ndiyo niliyokuwa naiogopa. Basi la Cecil lilikuwa limechelewa, wanasema barabara ya Kitangari ilikuwa na mchanga mwingi. Nilikuwa nimeshika ya nne ndipo akaingia uani na barua yako, akapiga hodi ya kelele kama kawaida yake. Kaseti ya pacha hutaipata, na inaniuma.

Barua aliichukua Mwanaheri. Macho yangu yalikuwa yamejaa moshi, kwa hiyo hii alinisomea yeye. Akaisoma palepale penye moshi, kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa sijamwambia habari hizi hata moja. Si za pacha, si za Kiingereza, si hofu yangu kwamba nimeadhibiwa. Alipofika kwenye kaburi la mama yangu alisimama, akaniangalia, akaendelea. Alipofika kwa Salmini na baiskeli alicheka na kulia pamoja, na mimi nikakaa chini kwenye majivu na kanzu yangu.

Unajua, ameolewa nami miaka arobaini na tatu na hakuwahi kunisikia nikitafsiri. Kibanda kilikuwa cha wanaume, na kusema kweli aliuona upuuzi. Kila Jumamosi nilikuwa naondoka, narudi sina sauti, ananipa maji ya tangawizi bila kuniuliza nilisema nini. Salmini alijua, mtoto wa Salmini alijua kupitia ukutani, mke wangu hakujua.

Basi hakuniuliza kitu. Aliuchukua mfuko wa salfa mkononi mwangu, akaingia ndani, akatoa redio kaseti ya zamani juu ya kabati, akaipangusa vumbi kwa kitenge chake. Nikamfuata. Nilidhani haitawaka. Ikawaka. Akachomeka kaseti bila kuchagua, na ikatoka sauti yangu, ya mtu wa miaka arobaini na tatu, inasema kwa vinywa vya daktari, roboti na Kapteni, inacheka, inapiga chafya, inamwambia mtu wa benchi la mbele atoe kofia.

Mwanangu, sikuweza. Nilianza kugonga fimbo sakafuni kumwashiria aizime. Nikagonga, nikagonga. Mwanaheri alikuwa ameinamia redio, mkono shavuni, hakunigeukia hata kidogo.

Akasema: "Nyamaza kidogo, Uwesu. Namsikiliza mume wangu."

Nikanyamaza.

Zimebaki kaseti nane. Utazipata zote, na huna haja ya kuzirudisha, hiyo ni ahadi yangu kwako na kwa Salmini. Ila Cecil asije wiki hii wala ijayo, itabidi mngoje. Mwanaheri yuko kwenye ya tatu na anarudia.

Ahsante, mwanangu. Ahsante sana.

Baba yako,
Uwesu Halfani